Gari la Mwalimu Linagonga

Jumatatu, 3 Machi

Jalada la daftari hili nimeliandika VIPURI kwa herufi kubwa, ili asilifungue mtu. Hakuna anayependa kusoma orodha ya vipuri. Hata mimi.

Asubuhi ameingia Mwalimu Mkuu na kigari chake cheupe, kile chenye vitambaa vya kufuma kwenye viti. Mwalimu Mkuu mstaafu – lakini sauti yake haijastaafu. Alinifundisha hesabu darasa la tano na la sita. Leo nina miaka hamsini na minane, na nikimwona bado naficha kucha.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Injini inagonga. Tk, tk, tk, tk. Sikiliza.”

Nikanyoosha mkono juu. Hapa gereji kila mtu anajua maana yake. Binti yangu akazima redio. Kinyozi wa jirani akanyanyua mashine kutoka kichwani mwa mteja. Mama muuza matunda akanyamaza katikati ya bei. Mkono wa Fundi Sikio ukiwa juu hakuna anayefungua mdomo, hata paa liwe linaungua. Nikafumba macho. Ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Ndivyo ninavyofanya miaka thelathini sasa, na wapo waliotoka mbali kuja kuniona nikifanya hivyo.

Nikasikiliza.

Hakuna kitu! Injini inanguruma kama injini, basi. Nikahamisha bisibisi. Hakuna. Nikabadili sikio. Hakuna. Nikafumbua jicho moja – kinyozi alikuwa anatikisa kichwa, tk, tk, tk, anaufuata mlio kama mtu anayefurahia ngoma.

“Tapeti za vali zimelegea,” nikasema.

Wote wakashusha pumzi. Mwalimu akaacha ufunguo. Jumatano ya wiki ijayo anakwenda kwa dada yake, peke yake, mwendo wa saa sita, na hataki kusindikizwa na tk-tk njia nzima.

Labda nina mafua.

Jumanne, 4 Machi

Sina mafua.

Nimefungua mfuniko, nimepima tapeti zote. Hakuna iliyolegea hata moja. Zimekaa sawa kama watoto wa Mwalimu kwenye mstari. Binti yangu akauliza, zilikuwa zimelegea, Baba? Kidogo, nikasema. Nikazikaza na kuzilegeza palepale zilipokuwa, ili spana ionekane ikifanya kazi.

Kisha nikawasha injini. Sasa, mtu asiyesikia mlio atajuaje kama umeisha? Nimegundua njia – nawatazama watu. Binti akakunja uso. Muuza matunda akatingisha kichwa. Kinyozi akaja mpaka mlangoni na mkasi wake, akasema Mzee, mlio bado upo.

“Najua upo,” nikajibu. “Nilikuwa napima kama unausikia.”

Binti yangu ana cheti cha chuo na kikompyuta anachokichomeka chini ya usukani. Alikwishakichomeka tangu jana bila kuniuliza. Hakikuona kasoro. Nilifurahi sana, kisha nikajiuliza nafurahia nini.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimetunga mtihani!

Nimewaita wote kwenye gari la Mwalimu wakati injini bado baridi. Nikawaambia, gereji hii siyo yangu milele, nataka kujua nani hapa ana sikio. Kila mmoja aseme anasikia nini. Wakajipanga. Kinyozi: mkasi unaokata hewa. Muuza matunda: kuku anadonoa debe. Mke wangu alikuwa ameleta chakula cha mchana, naye akapanga mstari. Akasema ni kama mimi ninapokata kucha kitandani. Watu wakacheka mpaka mteja wa kinyozi akatoka nje na nusu ya ndevu kuuliza kuna nini.

Binti yangu akawa wa mwisho. Hakufananisha na chochote. Alisema hivi: injini ikiwa baridi mlio uko wazi. Ikipata moto unapungua, lakini hauishi. Ukikanyaga mafuta unakimbia pamoja na injini. Upande wa ekzosi, moshi unakotokea, katikati.

Nimempa saba kwa kumi, asije akavimba kichwa. Halafu nikaingia stoo nikayanakili maneno yake yote humu kabla sijasahau. Baridi – wazi. Moto – unapungua. Upande wa ekzosi. Kwa fundi yeyote aliyekula chumvi nyingi hilo ni gasketi ya ekzosi, moshi unapenya kwenye maungio na kugonga kila silinda inapotema. Hata kipofu angejua. Hata kiziwi – basi, niliache hapo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebadilisha oili.

Najua, najua! Lakini nikienda moja kwa moja kwenye ekzosi itaonekana nimefuata jibu la binti. Oili kwanza, kwa heshima. Ekzosi nitaitangaza Jumatatu, kwa mkono juu na macho yamefumbwa, kila mtu akiwapo, kama inavyotakiwa.

Mwalimu akapita kwa miguu kukagua. Akawasha mwenyewe. Akasikiliza, kichwa upande, kama ndege. “Bado.” Nikamweleza kwamba injini ni kitu cha hatua kwa hatua, huwezi kurukia. Akanitazama usoni muda mrefu, mpaka nikaanza kufuta mikono iliyo safi.

“Darasa la tano ulikuwa unakaa dirishani,” akasema. “Kila swali la kugawanya ulikuwa unanakili kwa yule mtoto wa pembeni yako. Jibu linakuwa sahihi, njia hakuna. Unakumbuka?”

“Zamani sana, Mwalimu.”

“Uso ni uleule.”

Akaondoka zake na mkoba wake. Binti alikuwa chini ya gari jingine. Naona buti zake za kamba nyekundu zikitikisika – alikuwa anacheka, au anakohoa, sijui.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi nyumbani mapema, mke wangu yuko sokoni. Nikataka kumaliza ubishi. Saa ya ukutani sebuleni – hiyo inagonga tangu siku ya harusi yetu. Nikakaa kwenye kochi. Kimya. Nikasogea kwenye meza. Kimya. Nikasimama chini yake. Kimya kabisa! Nikacheka kwa nguvu. Kumbe betri imekufa! Nikapanda kiti, nikatoa betri, nikaweka mpya, nikashuka, nikasikiliza.

Kimya.

Nikapanda tena. Sikio la kulia kwenye kioo chenyewe – mbali, mbali sana, kama mtu anayehesabu kwenye nyumba ya tatu. Sikio la kushoto, hakuna. Mke wangu akanikuta hapo juu, nimekumbatia saa.

“Umefanya nini na saa? Ilikuwa inatembea vizuri.”

Nikamwambia naipangusa vumbi. Katika ndoa ya miaka thelathini na mmoja sijawahi kupangusa vumbi. Akaweka kikapu chini. Akasema jambo fulani kwa sauti ya chini huku amenipa mgongo, nikajibu ndiyo, kama ninavyojibu siku hizi.

Watu nawasikia. Injini naisikia. Redio naisikia. Ni vile vitu vidogovidogo tu vilivyoondoka, tena bila kuaga. Sijui ndege waliacha lini kulia asubuhi. Nilidhani wamehama.

Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tano mke wangu akapiga simu gereji: nenda kituo cha mabasi, mama yuko njiani. Mama yupi? Mama yangu, akasema. Anakuja kufanya nini? Kukaa miezi miwili! Nani alikubali?

“Wewe. Jumanne, ukila. Na jana ukiwa juu ya kiti nikakuuliza tena, ukasema ndiyo.”

Nikamwachia binti funguo, nikaenda. Mama mkwe ana masanduku mawili na godoro lake mwenyewe, maana ya kwetu hayaamini. Nimebeba vyote huku nimeinamisha kichwa kwa adabu.

Jioni tukawasha televisheni. Mke wangu kila siku analalamika kuwa mtaa mzima unapata habari kutoka kwetu. Leo mama mkwe amekaa mbele ya skrini, ameridhika, akasema sauti iko sawasawa, isipunguzwe. Ni mtu wa kwanza kuniunga mkono katika nyumba hii. Ana miaka themanini na mmoja.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika yote, kwa mpangilio, bila kujitetea.

Nilifika saa mbili nimevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Gari la Mwalimu liko katikati, boneti wazi. Kinyozi yupo. Muuza matunda yupo. Wateja wawili wapo. Nikasema leo tunamaliza. Binti akanijia haraka, “Baba, kabla hujaanza –”

Nikanyoosha mkono juu.

Akafunga mdomo. Bila shaka akafunga! Nimemfundisha mwenyewe tangu ana miaka sita: mkono ukiwa juu husemi. Nikamwashiria kinyozi awashe injini. Nikafumba macho. Bisibisi kwenye ekzosi, mpini nyuma ya sikio. Nikakaa hivyo muda mrefu zaidi ya kawaida, kwa sababu ilikuwa siku yangu. Hata nikakunja uso kidogo penye silinda ya tatu, nikatikisa kidole – tk, tk, tk.

Nikashusha mkono.

“Gasketi ya ekzosi,” nikatangaza, macho bado yamefumbwa. “Silinda ya tatu. Kunasikika wazi, hata mtoto angesikia. Kunagonga mpaka sasa hivi.”

Hakuna aliyesema neno. Nikadhani ni heshima.

Nikafumbua macho. Nati mpya! Nati nne mpya, zinang'aa. Maungio yamepanguswa, gasketi mpya inachungulia pembeni, na chini, kwenye kitambaa, ile ya zamani, imepasuka palepale kwenye silinda ya tatu, na masizi meusi. Yale masizi yalikuwa nje, kwenye maungio, wiki nzima. Ningefumbua macho siku ya kwanza ningeyaona bila kusikiliza chochote.

Kinyozi alikuwa anatazama viatu vyake. Muuza matunda anapanga upya machungwa yaliyokwishapangwa.

“Ndiyo, Baba,” binti yangu akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. “Nimeifunga Jumamosi, kama ulivyoniagiza. Baba anawaeleza ilivyokuwa inagonga.”

Sikumwagiza. Anajua sikumwagiza. Wakacheka, wakasema ahaa, kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Nikaingia stoo nikahesabu plagi kuukuu mpaka saa ya chakula.

Nilikuwa sahihi kabisa. Nilichelewa siku mbili tu.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nikamkuta ananawa mikono. Nikamwuliza kwa nini alinitega mbele za watu.

“Sikukutega, Baba. Nilikuwa nakuambia, ukanyoosha mkono.”

“Ungeweza kusema!”

“Mkono ukiwa juu?”

Nikamwuliza amejua tangu lini. Akapaka sabuni tena, ingawa mikono ilikuwa safi. Akasema tangu mwaka jana, lile basi la shule nililokosea. Mwaka jana! Nikamwambia haiwezekani, baada ya lile basi nimepata magari chungu nzima, na yote nilipatia, kwa sikio, mbele ya mashahidi.

“Mimi nilikuwa nasimama wapi?”

“Sijui. Pembeni. Unasimama popote.”

“Nasimama upande wenye tatizo, Baba. Kila mara. Na likiwa mbele nashika taa.”

Nikayapitia kichwani, gari moja moja. Pikapu ya muuza simenti – kushoto, ameegemea kushoto. Teksi ya njano – ameshika taa. Lile la padri, ambalo watu walipiga makofi – kulia, amekunja mikono. Nilikuwa namtazama yeye kabla ya kufumba macho. Sikujua kama namtazama! Naapa sikujua. Lakini kwenye gari la Mwalimu siku ya kwanza alikuwa kwenye redio, nyuma, na mimi nikasema tapeti.

Nililia kidogo, nikasema ni sabuni. Akasema ndiyo, sabuni hii ni kali.

Mchana Mwalimu akaja kuchukua gari. Akawasha, akasikiliza, akasikiliza tena. Akatabasamu – sijawahi kuona meno yake ya chini. Akasema, “Hongera. Leo umeonyesha na njia.” Binti alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na kopo la mafuta mkononi.

Nikasema, “Kazi ya kawaida, Mwalimu.”

Mimi. Kwa mdomo wangu huu.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu anajua. Binti hakumwambia; mwenyewe anajua tangu siku ya saa. Ametaja hospitali, wanapima kwa dakika ishirini, unavaa vitu masikioni unabonyeza kitufe ukisikia mlio. Nimesema sitaki. Mama mkwe akasema kwa sauti kubwa kwamba yeye walimpima, ni upuuzi, hakukuwa na mlio wowote.

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu amerudi salama na amepiga simu. Mwendo wa saa kumi na mbili, kwenda na kurudi, kimya kama maktaba! Amewasimulia watu wote. Na kesho saa nne anamleta Mkaguzi.

Mkaguzi wa shule, mstaafu, yule aliyekuwa akiingia darasani walimu wanasahau majina yao. Ana pikapu ya dizeli inayogonga tangu mwezi wa kwanza na mafundi watatu wameshindwa. Haamini mambo ya sikio. Mwalimu amemwambia aje aone kwa macho yake. Amemwahidi. “Usiniaibishe,” akasema, akakata simu.

Nikamwendea binti. Nikamsaidia kufunga gurudumu ambalo halikuhitaji msaada. Nikauliza, kwa kupitapita tu, kesho utasimama upande gani?

Akakaza nati zote tano kabla ya kunijibu.

“Kesho sitasimama upande, Baba. Nitasimama mbele ya gari, mikono mifukoni. Ukitaka kujua ninachosikia, uniulize.”

“Mbele za watu?”

“Mbele za watu.”

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya, ningegomba naye tukamaliza. Nilimwambia nitafikiri. Akasema nina mpaka saa nne.

Ni mtoto wangu na ananifanyia kama fundi mkuu anavyomfanyia mwanafunzi. Tena mimi ndiye niliyemfundisha kufanya hivyo. Jina la Fundi Sikio nimelibeba zaidi kuliko jina alilonipa marehemu baba yangu. Nikilitua, watu wataniitaje?

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia chooni. Choo cha gereji, komeo ndani, daftari juu ya goti, penseli ya kuwekea alama kwenye mabati.

Wamefika saa nne kasoro tano – walimu! Si wawili. Mwalimu ameleta watano, magari mawili, wastaafu watupu, wamevaa kama wanakwenda kwenye mahafali. Mkaguzi ni mrefu, ana fimbo na kijitabu mfukoni. Akanipa mkono, akautazama wake baada ya kunisalimia. Kinyozi amefunga duka, ametoa viti vyake nje, watu wakaketi. Muuza matunda anawagawia vipande vya nanasi.

Mkaguzi akawasha pikapu. Inatetemesha paa. Akauliza ninahitaji vifaa gani. Mwalimu akajibu kwa niaba yangu: mkono tu.

Binti yangu akaja, akasimama mbele ya gari. Mikono mifukoni. Kama alivyosema.

Nikanyoosha mkono juu. Wakanyamaza wote, hata wale wageni, hata Mkaguzi. Nikafumba macho, nikaweka bisibisi. Nikasikia dizeli. Dizeli nyingi, kama mto. Ndani yake kuna kitu ambacho watu wote hawa wanakisikia na mimi sikisikii. Nikafumbua macho nikamtazama binti. Hakuelekea kushoto. Hakuelekea kulia. Alinitazama mimi, machozi yanamlengalenga, na hakusogea hata inchi.

Maneno yalikuwa mdomoni. “Mwanangu, wewe unasikia nini?” Maneno manne! Nimeyafanyia mazoezi tangu alfajiri, mbele ya kioo, mama mkwe akidhani nasali.

Badala yake nikasema samahani, tumbo.

Na mkono bado uko juu! Nimevuka uwanja wote mpaka hapa nimenyoosha mkono, sikuthubutu kuushusha. Ina maana hawaruhusiwi kusema. Nachungulia kwenye ufa: wamekaa vilevile, midomo imefungwa. Mwalimu ameketi wima, mkoba mapajani. Amewahakikishia watu sifa zangu na sasa anautazama mlango huu. Mkaguzi ameangalia saa yake. Kinyozi ameshika nanasi mdomoni, hatafuni.

Simwoni binti. Pale mbele ya gari hayupo.

Nikitoka nikabahatisha, labda nitapatia. Plagi? Dizeli haina plagi za cheche, mjinga mimi. Bomba za mafuta. Naweza kusema bomba za mafuta, nusu ya pikapu zote ni bomba za mafuta. Naweza kusema irudishwe Jumatatu. Naweza kutoka na kusema yale maneno manne. Ni manne tu. Nimeyaandika hapo juu, nimeyahesabu tena, nitoke nayo hivyohivyo kwenye karatasi niyasome –

Naona viatu chini ya mlango. Buti za kazi, kamba nyekundu. Zimeelekea huku, zimekaa kama za mtu aliyesimama hapo muda.

Sijui amebisha mara ngapi.